Pampu ya Maji Uani kwa Shemeji

Karibu kila pampu ya maji ya gari ina kitundu upande wa chini, kidogo kiasi cha kuingia njiti ya kiberiti, ambacho wenye magari wengi hawajawahi kukiona. Waliokiweka walijua wanachofanya. Ndani ya pampu kuna shafti inayozunguka kwenye beringi. Mwisho mmoja wa shafti umefungwa puli inayovutwa na mkanda, na mwisho wa pili una feni ndogo inayosukuma maji. Kati ya maji na beringi imekaa sili: vibati viwili vya duara vilivyong'arishwa, mara nyingi kimoja cha kaboni na kingine cha kauri, vinavyosuguana siku nzima bila kuachia tone. Vikichakaa, maji huanza kupenya kuifuata beringi, na hapo kitundu huanza kazi yake. Huyatoa maji nje kabla hayajaifikia beringi, na humjulisha mwenye gari mapema kwamba pampu inakwenda kufa. Wapo wanaokiziba kwa gundi ya chuma. Maji hukoma kweli, kwa muda, kisha beringi hufa kwa kelele na kuondoka na mkanda.

Gari nililolitazama likifunguliwa ni Toyota Probox ya shemeji yangu, hapo Isongole, wilayani Ileje, upande wa mpakani na Malawi. Japani walianza kuiuza Probox mwaka 2002 kama gari la kazi, la kampuni kusambazia mizigo mjini, na nadhani hakuna nchi iliyolielewa agizo hilo kuliko sisi. Huku linabeba kahawa, mahindi, ndizi, mabati, na abiria ambao hesabu yao haiendani na hesabu ya viti. Tangu lami ya kutoka Mpemba ifike Isongole, kama kilomita 50 za kupanda na kushuka, magari madogo ya aina hii yamekuwa miguu ya watu kwenda Tunduma na kurudi. Shemeji analitegemea kwa biashara yake. Kwa hiyo gari lilipoanza kudai maji kila asubuhi hakuwa na subira ya kulipeleka mjini na kuliacha foleni kwenye gereji. Alimpigia fundi aje nyumbani.

Fundi alikuja kwa bodaboda, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, kapakata mfuko wa salfeti uliojaa spana. Nyuma yake alikuwa kijana anayejifunza kazi, ambaye alituamkia sote kwa zamu na kisha hakusema tena neno kwa muda mrefu.

"Inakunywa kiasi gani?" fundi aliuliza kabla hata ya kufungua boneti.

"Kama lita moja kwa siku, fundi. Siku nikienda Tunduma inazidi."

"Maji gani unayoweka?"

Shemeji akatazama pembeni. "Yanayopatikana."

"Ya mtoni."

"Wakati mwingine."

Fundi hakumgombeza. Aliinama, akaingiza kichwa kati ya rejeta na injini, na kwa muda mrefu hakuna kilichotokea. Nimeona mafundi wengi ambao wakiitwa kwenye gari linalovuja hufika na spana mkononi tayari, na gari halijapoa sawasawa paipu tatu zimeshatoka. Huyu alitumia robo ya asubuhi bila kulegeza hata nati moja, na hapo ndipo nilipoacha mambo yangu nikavuta kigoda.

Kwanza alifungua kifuniko cha rejeta, kwa kuwa injini ilikuwa baridi, akachovya kidole na kutazama rangi. Kisha akatoa kijiti cha oili na kifuniko cha oili, akavipitishia kidole kimoja kimoja. Alikuwa anatafuta dalili za gasketi ya silinda hedi, kwa sababu oili iliyoingiwa na maji hugeuka rangi ya chai ya maziwa, na gari la namna hiyo halina habari na pampu. Oili ilikuwa nyeusi, safi kwa umri wake. Akawasha injini, akatazama kama maji kwenye mdomo wa rejeta yanatoa mapovu. Hayakutoa. Akaifinya paipu ya juu, akaifinya ya chini, akapapasa zile nyembamba zinazokwenda kwenye hita. Kila alipomaliza sehemu aliifuta ikauka.

Shida ya maji ni kwamba hutembea. Tone linaloanguka chini ya bampa linaweza kuwa limeanzia juu, likapita kwenye kingo za injini, likapulizwa na feni, likatua mahali pasipohusika. Watu wengi wamenunua rejeta mpya kwa kosa la pampu. Fundi aliomba chaki, na kwa kuwa dada yangu ni mwalimu, chaki haikukosekana. Akaisaga kwenye karatasi, akapuliza vumbi lake upande wa mkanda, mahali pampu ilipojificha kati ya injini na ubavu wa gari. Akaliacha gari lingurume mpaka likapata moto wake. Kisha akashusha kioo kidogo cha kunyolea kwenye ule mwanya, kijana akamulika kwa simu, na ndani ya kioo tukaona mstari mmoja mwembamba wa unyevu umekata weupe wa chaki. Ulikuwa unatoka kwenye kitundu. Pembeni yake palikuwa na ukoko wa zamani, mweupe wenye madoa ya waridi, mabaki ya kulanti ya kiwandani iliyovuja na kukauka kidogo kidogo kabla shemeji hajahamia maji ya mtoni.

Alizima gari, akaishika puli ya pampu kwa vidole viwili, akaitikisa. Ilicheza kwa unywele.

"Wota pampu," akasema, na hilo ndilo lilikuwa tamko lote.

Mtu anaweza kujiuliza kwa nini tone ambalo mara nyingi hukauka kabla ya kufika ardhini lisumbue watu kiasi hiki. Injini ya petroli hugeuza sehemu ndogo tu ya joto la mafuta kuwa mwendo. Karibu theluthi ya joto hilo huingia kwenye maji, na maji hayo katika Probox ni kama lita tano tu, yanayozunguka bila kupumzika: kutoka rejeta, kupitia themostati, kwenye pampu, kuzunguka silinda, kupanda kwenye hedi, kisha kurudi rejeta kupoa. Hedi ya injini hii, 1NZ-FE, ni ya aluminiamu. Ikizidiwa joto inapinda, na hedi iliyopinda ni bei ya ng'ombe. Jambo ambalo watu husahau ni presha. Kifuniko cha rejeta kimeundwa kuzuia maji yasipumue, ili yakiwa yamebanwa yapite nyuzi 110 bila kuchemka. Ukiwa Tunduma, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Pampu inayovuja inapoteza maji na pia inapoteza ile presha, kwa hiyo gari lililokuwa salama kwenye tambarare huchemsha kwenye mlima huohuo ambao wiki iliyopita liliupanda bila neno.

Kuna wakati magari yaliishi bila pampu. Ford Model T ilipoanza kuuzwa mwaka 1908, magari 2,500 hivi ya mwanzo yalikuwa nayo, kisha kampuni ikaiondoa na kuyaachia maji yazunguke yenyewe, ya moto yakipanda na ya baridi yakishuka. Mfumo huo ulidumu mpaka Model T yenyewe ilipokoma mwaka 1927, na mamilioni ya watu walifika walikokwenda. Injini zilipoongezewa nguvu, ule mzunguko wa upole haukutosha tena. Pampu ikarudi, na pamoja nayo sili, na pamoja na sili kitundu.

Nilimuuliza fundi alijifunzia wapi. Akasema Tunduma, kwa mtu aliyejifunza kwa mtu. Mnyororo huo ukiuvuta nyuma unafika mbali. Mwezi Novemba 1965 Ian Smith alipojitangazia uhuru wa walowezi kule Rhodesia, Zambia ilijikuta njia yake ya kusini imeingia mashakani, na mafuta na shaba vikahamia barabara ya vumbi ya kwenda Dar es Salaam kupitia Tunduma. Madereva wa Kizungu waliiita Hell Run, na jina liliistahili. Mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya malori ya Zambia na Tanzania, Zambia-Tanzania Road Services, ikaleta malori ya Fiat. Lami ya barabara hiyo, TANZAM, ilikuja kukamilika miaka ya 1970. Katikati ya hapo, lori likichemsha kwenye tope hapakuwa na wa kumpigia simu. Mimi naamini ufundi wa ukanda huu ulizaliwa pembeni mwa barabara ile, chini ya malori yaliyokwama, na ndiyo maana fundi wa Tunduma hata leo anafanya kazi kama mtu asiyetegemea msaada wa kuja. VETA siku hizi inao utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliosomea mtaani. Ni jambo jema. Ila cheti kitaeleza vipi ile robo ya asubuhi ya kioo na chaki?

Pampu mpya ililetwa siku ya pili na Noah inayobeba abiria kutoka Tunduma. Fundi hakuifunga moja kwa moja. Maboksi yenye majina ya Kijapani ni mengi mjini, na si kila kilichomo ndani kimewahi kuiona Japani. Aisin, kampuni inayotengeneza pampu nyingi za Toyota, imeigwa boksi mpaka alama ndogo za ukingoni. Kwa hiyo fundi aliliweka boksi pembeni na kuihoji pampu yenyewe. Aliizungusha kwa mkono akiwa ameisogeza sikioni. Pampu nzuri huzunguka kwa uzito kidogo, kwa sababu sili bado inabana, na haitoi sauti ya mchanga. Alisukuma shafti mbele na nyuma, kushoto na kulia. Alipitisha ukucha kwenye uso wa kufungia kutafuta mikwaruzo na matundu ya chuma kibovu. Alikitafuta kile kitundu, akakiona kiko wazi. Baadaye, ya zamani ilipokuwa nje, alizilaza pampu mbili mgongo kwa mgongo na kulinganisha matundu ya bolti na kimo cha puli, kwa kuwa kimo kikizidi hata kidogo mkanda utakwenda upande na kujila.

Kulikuwa na bahati ndani ya balaa hili. Pampu ya injini hii imefungwa nje, inavutwa na mkanda uleule wa altaneta. Ingekuwa Noah ya zamani, ile yenye injini ya 3S, pampu inazungushwa na taiming belti, na kuifikia ni kufungua kifua cha gari na kuweka alama za taiming kwa makini, kazi ambayo sidhani fundi angekubali kuifanya chini ya mwembe. Ingekuwa Hiace ya dizeli, feni yenyewe ingekuwa imekaa juu ya pampu. Kwa Probox shida ni nafasi tu. Mkono unaingia, lakini unaingia peke yake bila macho.

Alianza kwa kuchomoa waya wa betri. Akamwaga maji kwenye beseni, yakatoka rangi ya matofali, na shemeji akayatazama bila kusema kitu. Kisha akafanya jambo lililonifurahisha kuliko yote ya siku ile, ingawa lilikwisha kwa dakika mbili. Puli ya pampu imeshikwa na bolti tatu ndogo. Ukishatoa mkanda puli inakuwa huru, na ukijaribu kufungua bolti inazunguka nayo. Kitabu cha Toyota kinataka kifaa maalumu cha kuishikia. Fundi hakuwa na kifaa hicho, na wala hakukihitaji. Alizilegeza bolti tatu mkanda ukiwa bado umebana, mkanda wenyewe ukawa ndio mkono wa kuishika puli. Alipokwisha kuzivunja ukaidi, ndipo akalegeza altaneta na kuutoa mkanda. Baadhi ya mafundi hukumbuka hilo wakiwa wameshachelewa, na hapo huanza mambo ya bisibisi na nyundo.

Altaneta ikatoka, akaiegemeza pembeni juu ya kitambaa. Kijana alikuwa amekata kipande cha boksi na kuchora juu yake umbo la pampu kwa kalamu. Kila bolti iliyotoka ilichomekwa kwenye boksi mahali palepale ilipotoka kwenye injini. Pampu hii ina bolti tatu na nati mbili, na si zote zenye urefu sawa. Bolti ndefu ikiingia kwenye tundu la bolti fupi itagota chini kabla ya kubana, fundi asiyejua ataendelea kukaza, na aluminiamu itapasuka au nyuzi zitatoka. Boksi lile, lililoandikwa ubavuni jina la biskuti, lilikuwa na thamani kuliko spana yoyote iliyokuwa kwenye salfeti.

Bolti zilipokwisha, pampu haikutoka. Ilikuwa imegandiana na injini kwa miaka. Kishawishi hapo ni kuingiza bisibisi kwenye mwanya na kuibenua, na alama ya bisibisi kwenye aluminiamu ni mfereji wa maji wa kudumu. Fundi alichukua kipande cha ubao, akakiegemeza kwenye ubavu wa pampu na kukigonga kwa kishikio cha nyundo, mara huku, mara kule, bila haraka. Ikaachia.

Kilichofuata ndicho nilichokuja kukielewa kuwa kazi yenyewe. Pampu mpya iko mkononi, ya zamani iko chini, mwenye gari anasubiri, na mtu yeyote angedhani sasa ni kufunga. Fundi alikaa chini na kuanza kukwangua.

Mabaki ya gasketi ya zamani yalikuwa yameshika uso wa injini kama rangi, na juu yake kulikuwa na chokaa ya maji ya mtoni. Alijaza kitambaa kwenye tundu la maji ili vipande visitumbukie ndani ya injini, maana kipande kidogo kitatembea mpaka kwenye rejeta na kuziba njia zake nyembamba. Akailowesha gasketi kwa petroli kidogo, akasubiri ilainike. Kisha akachukua wembe mkongwe, akaulaza karibu bapa kabisa, na kuusukuma mbele kwa kidole gumba, pole pole, kipande kwa kipande. Hakugusa msasa. Msasa hula aluminiamu bila usawa, huacha mabonde ambayo macho hayayaoni lakini maji huyaona. Mahali wembe ulipokataa hakuongeza nguvu, aliongeza petroli na kusubiri. Kila baada ya muda alifumba macho na kupitisha ncha ya ukucha juu ya chuma, kwa kuwa mkono ulikuwa unafanya kazi mahali ambapo macho hayafiki hata hivyo.

Kijana alianza kuchoka kutazama. Nikamwona anaitazama pampu mpya, kisha fundi, kisha pampu.

"Dogo," fundi akasema bila kugeuka, "gasketi haizibi uchafu."

Uso ulipokuwa safi aliufuta kwa kitambaa kikavu, akaweka ukingo wa rula ya chuma juu yake na kumulika taa kwa nyuma kuona kama mwanga unapita. Kwenye matundu ya bolti alizungusha mswaki wa meno, kwa sababu tundu lenye uchafu hudanganya mkono: bolti inakuwa nzito kabla haijabana. Sehemu hii ilimchukua muda mrefu kuliko kutoa na kurudisha vyote vingine. Na hakuna atakayeuona uso ule tena, labda miaka kumi ijayo, labda kamwe.

Shemeji aliuliza kama hawezi kupaka silikoni kwa usalama zaidi. Ni swali la haki, kila duka linauza silikoni na kila gereji inaipenda. Fundi akajibu kwamba gasketi iliyokuja na pampu inatosha kama uso ni safi, na silikoni ikizidi, ile inayotokeza upande wa ndani hukatika na kwenda kuziba njia za maji. Aliikalisha gasketi kavu, akaikalisha pampu juu yake, na akaanza bolti zote kwa vidole. Hakuna iliyoguswa na spana kabla zote hazijaingia nyuzi kadhaa kwa mkono mtupu. Hapo akazikaza kwa kupishana, moja juu, inayofuata chini, mzunguko baada ya mzunguko.

Kitabu cha kiwanda kinataka nyutoni mita 11 kwenye bolti hizi, na kinataka zipimwe kwa spana ya kipimo. Ni nguvu ndogo kuliko watu wanavyodhani, na bolti nyembamba ya spana namba 10 ikipewa mkono wote wa mwanamume hukatika shingoni. Fundi hakuishika spana mwishoni. Aliishika karibu kabisa na kichwa chake, kwa vidole vitatu, ili hata angetaka kuzidisha nguvu asingeweza. Mkono wake ulijipunguzia urefu wenyewe. Sina njia ya kuthibitisha kwamba alifika 11 na si 10 wala 13. Najua tu kwamba aliizungushia kila bolti kiasi kilekile cha mwisho, kwa pumzi ileile, na kwamba kijana alipojaribu bolti ya puli aliishika spana kwa mwisho na akarekebishwa kwa kusogezewa mkono, bila maneno.

Altaneta ikarudi, mkanda ukarudi. Aliubonyeza kwa gumba katikati, akausogeza, akaubonyeza tena.

Kwenye themostati palizuka ubishi. Jirani aliyekuwa amekuja kutazama alishauri itolewe kabisa, kwamba vifaa hivyo ni vya nchi za baridi. Ni imani iliyoenea, na magari mengi sana ya Tanzania yanatembea bila themostati kwa sababu yake. Mimi naihesabu miongoni mwa hasara tunazojitia wenyewe. Injini bila themostati haifikii joto lake la kazi haraka, inakula mafuta zaidi, na oili yake haichomi unyevu. Tena kuitoa themostati milimani Ileje, ambako asubuhi za Juni na Julai watu hutoka na makoti! Fundi alimsikiliza jirani kwa heshima mpaka mwisho, akamwita mzee, akamshukuru, na kuiacha themostati mahali pake.

Shemeji alikuwa amenunua kulanti, kwa shingo upande. Fundi aliimimina taratibu huku kijana akifinyafinya paipu ya juu, mapovu yakitoka moja moja. Upepo ukibaki ndani ya hedi geji inaweza kuonyesha baridi wakati chuma kinaungua. Hita ikafunguliwa mpaka mwisho ili maji yapite na huko pia. Gari likawashwa, kifuniko kikiwa wazi, na watu wakakaa kusubiri. Themostati ya injini hii hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi na imekaa upande wa kuingilia maji, kwa hiyo anayetaka kujua imefunguka hashiki paipu ya juu, hushika ya chini. Fundi aliweka kiganja hapo na kukiacha. Paipu ilikuwa baridi, baridi, kisha ikapata moto kwa ghafla, usawa wa maji ukashuka, akaongeza. Feni ya umeme ikaanza, ikazima, ikaanza tena. Akafunga kifuniko, akahesabu spana zake zote kwenye salfeti kabla ya kushusha boneti.

Walikwenda nalo mpaka mlimani na kurudi. Kioo cha kunyolea kikashushwa tena kwenye mwanya. Chaki ilikuwa kavu.

Bei ya ufundi aliyoitaja haikufika nusu ya bei ya pampu. Shemeji, kwa mazoea, akaomba apunguziwe. Dada yangu akatoka jikoni, akalipa yote, akaongeza mkungu wa ndizi, na jambo likaishia hapo. Fundi akaagiza gari litazamwe maji asubuhi likiwa baridi, na shemeji alirudishe baada ya siku chache apimiwe mkanda.

Kijana alikuwa ameiokota pampu mbovu na anaizungusha mkononi. Aliuliza kama anaweza kwenda nayo.

"Ichukue," fundi akasema, akipanda bodaboda na kupakata salfeti yake. "Ukishaipasua uniletee ile sili. Nataka kuona imelika upande gani."